Betri Tatu, Simu Mbili

6 Oktoba

Zita ameondoka leo na gari la kwanza kwenda Biharamulo mjini, kwa binti yetu Happy aliyejifungua mapacha. Atakaa huko mpaka maharage yatoke shambani. Kabla ya kupanda gari amenipanga kama mtoto wa chekechea: chumvi iko hapa, sabuni iko pale, mbuzi wasinyeshewe, na nisishindie viazi vya kuchoma kila siku. Nimeitikia yote kwa kichwa. Mke wangu hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimla masikio yote mawili wakati Happy yuko darasa la tano, na tangu hapo husoma midomo. Kusema bado anasema, tena sana, ila neno lako haliingii kwake mpaka aone mdomo ukilitamka.

Nimestaafu ubwana shamba, lakini mkono umezoea kuandika hali ya mvua kila jioni, kwa hiyo nitaandika mpaka arudi. Hapa Kirushya tunaongea Kihangaza nyumbani na shambani. Naandika Kiswahili kwa sababu taarifa zote za kazi niliziandika kwa Kiswahili, na uzeeni siwezi kuanza upya.

Mvua: hakuna. Mawingu yamekusanyika upande wa Burundi, yakatucheka, yakaondoka.

7 Oktoba

Nimeongea na Zita kwa video. Mtandao wa kusuasua, lakini nikisimama penye mwanga na kuisogeza simu karibu na uso, anaisoma midomo vizuri. Amenionyesha wajukuu, wamefungwa nguo kama mikungu miwili inayovundikwa. Akaniuliza nimekula nini. Nikasema wali. Akasema, "Baba Happy, huo mdomo unaosema wali una masizi pembeni." Kumbe kamera ya simu yangu ni nzuri kuliko inavyohitajika.

10 Oktoba

Nieleze habari ya betri, maana huenda siku moja mjukuu akasoma hapa asijue kwamba simu ziliwahi kufunguka.

Mimi na jirani yangu Sostenes tulinunua simu siku moja, duka moja pale Benaco, aina moja: Zenta. Mfuniko wake wa nyuma unafunguka kwa ukucha. Ndani iko betri, unaitoa kama unavyobandua punje ya hindi. Tukachangia na betri ya tatu. Umeme wa nguzo umeishia shuleni ng'ambo ya bonde na haujavuka, lakini mimi nina sola juu ya bati, Sostenes hana. Basi betri moja hukaa kwangu kwenye chaji, na kila jioni Sostenes hupanda na iliyokwisha, akaiacha, akachukua iliyojaa. Hakuna betri ya mtu. Zote tatu ni za wote wawili.

Kubadilisha betri ni kazi ya kupepesa macho. Sostenes hukaa mpaka giza. Tunakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tunawalaani ngedere, tunabishana juu ya mambo ambayo hakuna kati yetu anayeyajua. Zita husema tunapiga kelele. Anajua kwa kuangalia mishipa ya shingo. Wakati fulani mlima mzima ulikuwa wa Zenta. Ungeweza kuingia nyumba yoyote na betri iliyokufa ukatoka na nzima, na chai juu. Sasa wengi wamehama, wamenunua hizi mpya zilizozibwa. Tumebaki sisi wawili.

Mimi sihami. Yangu nimeibadilisha kioo, tundu la chaji na spika, na bado inaita. Kitu unachoweza kukifungua ni chako. Usichoweza kukifungua umeazimwa tu.

16 Oktoba

Mvua kubwa mchana kutwa. Kesho napanda maharage.

17 Oktoba

Nimepanda kipande cha juu. Jioni Sostenes amekuja amelowa chapachapa: betri kaivalisha kofia, yeye mwenyewe kichwa wazi.

29 Oktoba

Wasapu imeniletea tangazo kwamba kuanzia tarehe moja Januari haitafanya kazi tena kwenye simu za zamani kama hii, nitafute mpya. Nimelifuta. Nimeshaona matangazo mengi ya mwisho wa dunia.

Sostenes anasema na yake imeleta hilo hilo. "Itakuwaje, Bwana Shamba?" akaniuliza. Hapa mlimani wote huniita hivyo. Nikamjibu ni vitisho vya wauza simu. Hakubisha. Mtu anayebisha mpaka juu ya siku ya Pasaka, leo hakubisha.

10 Novemba

Yuster, mke wa Sostenes, amenisimamisha tulipotoka kanisani akiwa na furaha tele. Kijana wao Jovitus, aliyeko Geita machimboni, amekuja kuwasalimia na amewaletea simu mpya pamoja na sola ndogo. Nikampongeza.

Jioni Sostenes hakuja. Ana mgeni, ni haki yake.

11 Novemba

Sostenes amekuja, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni, betri mkononi.

"Bwana Shamba, hii nimekurudishia. Zote tatu sasa ni zako. Mimi hii mpya haifunguki."

Akanionyesha. Nyembamba, nyeusi, mgongo laini kama jiwe la mtoni. Hakuna pa kuingiza ukucha.

"Betri yake ikichoka utafanyaje?"

"Jovitus anasema haichoki upesi."

"Ikichoka?"

"Nitamwita Jovitus." Akacheka. Mimi sikucheka.

"Karibu ukae basi."

"Leo niache niwahi. Yuster ananingoja tujifunze pamoja."

Kwa baba yangu, rafiki akikupa ng'ombe humrudishii ng'ombe yule. Akizaa unampelekea ndama, naye siku yake atakuletea kitu, na nyumba mbili zinaendelea kuitana. Ukiona mtu anakuja kwako anamburuta kwa kamba ng'ombe wako mwenyewe uliyempa, hakuna haja ya maneno. Amekata urafiki. Nilimtazama Sostenes akishuka migombani mpaka nikaona kofia tu, kisha sikuona kitu. Betri ilikuwa bado na joto la kiganja chake.

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo, sitafuti neno jingine. Jioni zote zile nilidhani anakuja kwangu, kumbe alikuwa anafuata umeme.

12 Novemba

Hakuja.

13 Novemba

Hakuja. Mvua.

14 Novemba

Mvua. Nina betri tatu, zote zimejaa. Sijui nizifanyie nini.

24 Novemba

Video na Zita.

"Sostenes hajambo?"

"Hajambo."

"Jana mlibishana nini?"

"Siasa."

Akaniangalia kwa muda. "Mdomo umesema siasa. Uso umesema kitu kingine."

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Sijawahi kumkatia Zita.

Baadaye Happy akapiga. "Shikamoo baba. Danstan anasema uje kwenye ubatizo wa watoto, tarehe kumi na tano. Chumba kipo." Danstan ndiye mkwe wangu, mtu mpole asiye na neno. Nikamwambia maharage yako kwenye palizi. Tena nimelelewa kwamba baba mkwe hafuati usingizi nyumbani kwa mkwewe. Happy akasema sawa, kwa sauti ile ya mtu ambaye hakuona sawa.

8 Desemba

Ngedere wameshuka tena. Zamani mimi nilipiga debe juu na Sostenes akapiga lake chini, wakakosa njia. Leo nimepiga debe peke yangu. Wamekimbilia kwake. Nimekaa kusikiliza kama atapiga lake. Amepiga. Kisha kimya, kila mtu na debe lake.

15 Desemba

Wajukuu wamebatizwa. Nimetumiwa picha. Zita amevaa kitenge nisichokijua. Mvua kutwa.

20 Desemba

Betri moja imevimba, mfuniko hautaki kufunga. Labda kwa kukaa kwenye chaji siku zote bila kutumika. Nimeiweka dirishani.

25 Desemba

Niliporudi kutoka misa nimewasha moto nikachemsha ndizi. Happy alikuwa ameniita niende, nikamkatalia kwa maneno yale yale ya mila. Saa ya chakula Yuster amekuja na bakuli la nyama, limefunikwa kwa jani.

"Baba Happy, njoo ule na wenzako. Sostenes anakusubiri."

"Mwambie ahsante. Nina wageni."

Akachungulia nyuma yangu, akaona kiti kimoja. Akanipa bakuli akashuka. Nilimpigia Zita tukatakiana heri. Alinionyesha meza imejaa watu. Nilisogeza simu karibu sana na uso ili asione chumba.

1 Januari

Imefungwa kweli. Nikigusa Wasapu yanakuja maandishi tu, nisasishe au ninunue simu nyingine. Nimeizima simu, nimeiwasha, nimetoa betri nikaipuliza, nimebadilisha betri nikaweka ile nyingine. Simu nzima. Inawaka, inapiga, ina tochi, ina redio. Kitu kimoja tu nilichokihitaji ndicho kimekataa.

Sikumwona Zita leo. Mwaka mpya nimeusema kwa mbuzi.

4 Januari

Sasa naongea na mke wangu kwa kupitia binti yetu. Napiga simu ya kawaida, nasema, Happy anamgeukia mama yake anayarudia maneno yangu kwa mdomo wake, Zita anajibu kwa nguvu nyuma huko, nasikia sauti yake. Mimi namsikia, yeye hanioni, kwa hiyo kwake mimi sipo. Zita alikwenda shule mpaka darasa la pili tu, ujumbe wa maandishi nao lazima asomewe.

Leo nilitaka kumwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa. Utalisemaje hilo kwa kupitia mtoto wako uliyemzaa? Nikasema mwambie mbuzi hawajambo.

7 Januari

Nimekwenda Benaco kwa Hatibu. Yeye ndiye ameitunza Zenta yangu miaka yote. Familia yao ni watu wa pwani, babu yake alikuja huku na biashara ya vitambaa, na Kiswahili chake kina sukari ambayo chetu hakina.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, Hatibu. Nimekuletea mgonjwa."

Akaifungua, akaipima umeme, akaipapasa kila mahali. "Mzee, huyu haumwi. Ungeniletea amevunjika ningefurahi, ningejua pa kushika."

"Basi mrudishie Wasapu."

"Nimejaribu kwa wenzio waliokutangulia. Unamtilia ile ya zamani, inakubali, halafu ikitazama vizuri imo katika simu gani inajifunga. Waliounda simu hii wameacha kuiletea apdeti zamani sana. Sasa na hawa wa Wasapu hawataki tena kusema na simu iliyoachwa."

Akanitolea mpya, Zenta hiyo hiyo kwa jina. Nikauliza kama inafunguka. Akasema kwa moto na kubandua gundi, si kwa ukucha. Hii, akasema, wameahidi kuiangalia miaka minne.

"Halafu?"

"Halafu utakuja tena kwangu, inshallah tukiwa hai."

Nikairudisha mezani. Kumbe hata jina nililolishika nimelishika mimi tu, wenyewe walishaliachia siku nyingi. Hatibu akaniambia, "Basi azima kwa jirani, mzee. Haikosi iko moja mlimani kwenu." Nikamwambia sina jirani. Akacheka, akadhani natania.

12 Januari

Maharage yamekauka vizuri, mvua imepisha. Nimeanza kung'oa. Yuster alisimama kwenye mimea ya masale iliyo mpakani, simu mkononi. "Baba Happy! Njoo mara moja!" Nimejifanya sikusikia, nikaingia ndani.

15 Januari

Yuster tena mpakani. Leo hakuniita. Ameinua simu tu, ameielekeza kwangu, amekaa hivyo hivyo mkono juu kama mtu anayetafuta mtandao. Nimempa mgongo, nikafanya kazi nikiwa nimegeukia mlima.

16 Januari

Tena. Anapiga picha. Sijui anawaonyesha nani: magugu yangu, suruali yangu iliyochanika, au mzee anayepiga maharage peke yake wakati wenzake wamekusanya watu. Nimempa mgongo.

19 Januari

Leo nimeshindwa kuvumilia. Nilikuwa napiga maharage uwanjani, fimbo mkononi, nikamwona Yuster amesimama pale pale, simu juu. Nikashuka mpaka kwenye masale, nikamsogelea kabisa.

"Piga!" nikasema. "Piga sana! Kawaonyeshe mzee aliyeachwa na kila mtu, na marafiki na mke!"

Uso wa Yuster ulibadilika, akaishusha simu taratibu, akaigeuzia kifuani kwake kama mtu anayefunika sufuria. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba Happy, hukujua." Akaondoka.

Sikuelewa. Nimerudi kwenye maharage na nimeyapiga mpaka mengine yamepasuka.

21 Januari

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi Happy alipiga. Hakuanza na watoto kama kawaida.

"Shikamoo baba. Umemwambia nini mama?"

"Sijaongea na mama yako tangu mwaka uanze. Si wewe unayetufikishia?"

"Basi amekuona, baba. Mama Yuster humpigia video, anakwenda naye mpakani ili akuone ukifanya kazi. Siku ya kwanza alikuita, hukuja. Baada ya hapo mama akamwambia asikuite tena. Alisema ukijua unatazamwa utajifanya mzima, na yeye anataka kujua kama unakula." "Siku zote ulikuwa unampa mgongo. Alikuwa anasema si neno, mgongo wake naujua. Juzi ukageuka. Amesoma, baba. Amesoma ulichosema, kila neno. Tangu hapo haongei na mtu."

Nilikaa chini penye maganda ya maharage. Sikumbuki nilimuaga vipi.

Nilifikiri mambo mengi ya kufanya na yote yalikuwa ya kukaa nyumbani. Mwishoni nikavaa viatu. Njia ya kushuka kwa Sostenes ni ile ile aliyoipita yeye jioni zote, na nilipokuwa katikati yake nikagundua kwamba mawe yake siyajui. Nilikuwa nakwenda kwao msiba ukitokea, au mgonjwa. Kukaa tu, bila sababu, sijawahi.

Sostenes alikuwa anapepeta maharage na ungo. Aliponiona hakuonyesha mshangao. Akasogeza kigoda.

"Karibu, Bwana Shamba."

"Nimekuja kuomba simu."

"Kaa kwanza."

Nikakaa. Neno likanitoka ambalo sikulipanga. "Ulinirudishia betri kama mtu anayerudisha ng'ombe."

Akaacha kupepeta. Akanitazama mpaka nikaona aibu. "Betri? Nilijua Zita yuko mbali na unaongea naye kila siku. Nikasema akiwa na betri tatu, hata mvua ikiifunika sola wiki nzima, hatakosa kumwona mkewe."

"Na kuja, mbona uliacha?"

Akapapasa magoti yake. "Tangu tununue zile simu, ni mimi ninayepanda mlima. Wewe hukuwahi kushuka hata siku moja. Nikamwambia Yuster, sasa sina tena kisingizio cha betri, mwenzangu atanikumbuka atashuka mwenyewe. Tukaweka rubisi. Ikachacha, tukamwaga. Tukaweka nyingine."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu. Msimu mzima nimehesabu siku ambazo yeye hakuja, na yeye kule chini alikuwa anahesabu zangu.

Yuster akatoka ndani na simu, tayari inaita. Akanipa, wakaondoka wote wawili kwenda nyuma ya nyumba.

Uso wa Zita ukajaa kioo. Picha safi, sijawahi kuiona picha kama ile. Amekonda mashavu. Macho yamevimba.

"Nani kakuacha, Pancras?"

Hakuniita Baba Happy.

"Nilikuwa na hasira," nikasema.

"Na nani?"

"Simu ilikataa. Sostenes hakuja. Na wewe umekaa huko."

"Nimekaa wapi? Ukitoka asubuhi mchana unakula hapa. Umeitwa ubatizo, ukasema maharage. Umeitwa Krismasi, ukasema mila. Danstan amekuwekea kitanda, kimelaliwa na nguo za watoto. Mimi masikio sina, nina nyuso mbili tu za kuongea nazo kule mlimani, yako na ya Yuster. Umemfukuza Yuster. Nikirudi nitaongea na nani?"

"Mama Happy, nisikilize..."

Akageuka.

Sikuona uso tena. Niliona kitambaa chake cha kichwa, na ukuta. Nikamwita. Nikamwita kwa nguvu, nasema nisamehe, nasema nimekosa, mpaka Yuster akachungulia kutoka nyuma ya nyumba. Simu ilikuwa nzuri, mpya, haina kasoro. Niliona hata uzi uliochomoza kwenye pindo la kitambaa. Na hakuna hata neno langu moja lililofika. Nimeongea na ule mgongo mpaka picha ikakatika.

Sostenes akaja akachukua simu mkononi mwangu, maana nilikuwa bado nimeishika.

"Mbuzi nitawaangalia mimi," akasema. Sikuwa nimemwomba.

22 Januari

Nimemaliza kuweka maharage kwenye magunia. Sostenes na Yuster wamepanda kunisaidia. Tumebishana kidogo juu ya jinsi ya kufunga mdomo wa gunia. Mvua: manyunyu jioni.

23 Januari

Naandika haya kwenye kitanda cha wageni, Biharamulo, kwa mkwe wangu.

Nimepanda gari Benaco asubuhi. Zenta iko mfukoni, nimepiga simu moja tu, kumwambia Happy asimwambie mama yake. Toka Nyakahura mpaka Lusahunga nimepanga hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ina sababu, ina mifano ya baba yangu na ng'ombe wake. Nilikuwa naitamka polepole kwa midomo bila sauti, na mama aliyekaa pembeni yangu akadhani nasali.

Happy alinifungulia geti. Watoto wamelala, akasema, mama yuko uani. Akaninyooshea kidole, akabaki jikoni.

Zita alikuwa ameinama juu ya beseni anafua nguo za watoto, mgongo kwangu. Nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga. Pale hakuna cha kuita. Nikazunguka kamba ya nguo, nikapita kwenye tope la sabuni na viatu vyangu vya kanisani, nikasimama mbele yake.

Aliniona. Najua aliniona, mikono ilisimama ndani ya maji. Lakini hakuinua macho. Akaendelea kufikicha nguo moja ile ile, ambayo ilikuwa imeshatakata.

Nikachuchumaa. Magoti yakalia, yeye hakuyasikia. Nikashuka mpaka uso wangu ukawa chini ya uso wake, juu ya beseni, hata akitazama maji anione. Hotuba yote ya Lusahunga ilikuwa imepotea.

"Nimekuja," nikasema.

Akanitazama mdomo kwa muda mrefu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.